Maneno Niliyomtuma Shangazi Kabla ya Ndege

Kwa siku kumi na nane niliishi nimefungwa kwenye chupa. Mpira mwembamba ulitoka ubavuni mwangu upande wa kushoto, ukashuka kando ya kitanda, ukaingia kwenye chupa ya maji iliyokaa sakafuni. Kila nilipokohoa, maji yalitoa mapovu. Nesi aliniambia kwamba mapovu yale ni hewa iliyotoroka kwenye pafu ikajaa kati ya pafu na mbavu, na siku yatakapokoma ndipo tundu litakuwa limeziba. Basi kazi yangu ikawa kuangalia mapovu. Wagonjwa wenzangu walitazama mlangoni kuona nani amekuja kuwaona. Mimi nilitazama chini ya kitanda.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mapafu yake yameshaugua, na watu wanaompenda wanamwambia apande ndege ili asiteseke njiani. Niliishia darasa la saba na ninaandika taratibu, siku nyingine nusu ukurasa tu. Mambo ya kidaktari siyajui. Nitasema yaliyonipata.

Nilianza kuumwa nikiwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa kifua kikuu. Nilimeza dawa miezi sita, mkojo ukawa mwekundu, nikakonda hadi sketi ya kanisani ikawa inazunguka kiunoni. Nikapona. Lakini pafu la kushoto lilibaki na makovu, na mimi nikarudi kwenye kazi niliyoijua, kubanika samaki na Shangazi Nyangeta huku Nansio, kisiwani Ukerewe. Shangazi ndiye aliyenilea. Baba yangu alikufa ziwani nikiwa mdogo, mama akaolewa Geita. Banda letu la kubanikia liko karibu na maji, lina majiko manne ya udongo, na moshi wake hautoki haraka. Nilikuwa nakohoa kila asubuhi na nikaona ni kawaida, kwa sababu shangazi naye alikuwa anakohoa kila asubuhi.

Miaka minne baadaye, katika miezi ya machungwa, nilikuwa nimeinama kuinua beseni la sangara. Kitu kilinichoma kifuani kama spoku ya baiskeli. Nilikaa chini. Nilivuta pumzi ikafika nusu tu, ikagoma. Shangazi aliniuliza kama nimejikwaa, nikashindwa kumjibu. Tulivuka na meli ya siku ile ile kwenda Mwanza, mimi nimekaa wima nimeshika ukingo wa benchi, kwa sababu nikiegemea ilikuwa mbaya zaidi.

Hospitali tulikaa kwenye foleni ya picha tangu asubuhi hadi watu wakaanza kula chakula cha mchana. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa na mtoto mwenye kifua, akaniangalia, akanyanyuka, akaenda kumwita nesi mwenyewe. Sikumjua na sikumwona tena. Nesi alinitazama kucha, akanitoa kwenye foleni. Baada ya hapo ndipo nikawekewa mpira.

Kwenye kitanda kilichofuata changu kulikuwa na mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya Kamanga. Yeye alikuwa na maji kwenye pafu, si hewa, na chupa yake haikutoa mapovu, ilijaa tu maji mazito meupe. Kila asubuhi aliniuliza, "Binti, leo umeamka na mapovu mangapi?" Nikimwambia, anasema, "Unanishinda. Mimi nimekalia mtindi." Alinigawia uji wake mara nyingi, anasema haupiti. Siku ya kumi na mbili walivuta pazia kati yetu, na walipolivuta tena kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Chupa yake waliiacha sakafuni mpaka mchana.

Siku ya kumi na nane mapovu yakakoma. Wakautoa mpira, wakashona. Daktari alikuja baadaye. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliivuta stuli akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi mara nyingi.

"Nyamisi, sikiliza vizuri," alisema. "Pafu limejaa tena, lakini juu kabisa kumebaki hewa kidogo. Ndege usipande. Ukiwa juu, hewa inavimba, na hiyo iliyobaki kifuani itavimba pia, itakaba pafu. Rudi baada ya wiki tatu nipige picha nyingine. Mimi ndiye nitakayekuambia ndege sawa au hapana. Ukilazimika kusafiri kabla ya hapo, nenda kwa gari, mpumzike njiani."

Niliitikia kwa kichwa. Akaniuliza nani yuko nami, ili amwambie na yeye. Shangazi alikuwa amekwenda dirisha la dawa. Daktari alimsubiri kidogo, akaangalia saa, kisha akaitwa wodi nyingine. Aliandika barua kwa Kiingereza, akaitia kwenye bahasha kubwa pamoja na picha ya kifua. Shangazi aliporudi nilimwambia tumeruhusiwa. Alifurahi sana hata sikutaka kuongeza kitu.

Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo ni langu.

Tulifikia Kirumba, hapo hapo Mwanza, kwa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Kaka yangu Bwire anafanya kazi Dar es Salaam. Siku zote nilizokuwa hospitali alikuwa anahangaika huko kunitafutia nafasi kwa wataalamu wa kifua, na nafasi ikapatikana wiki ile ile niliyotoka. Akaomba ruhusa kazini, akaja kunichukua kwa ndege, na tiketi yangu ya kwenda naye akiwa nayo tayari. Jumapili baada ya ibada walikaa sebuleni: baba mkubwa, Bwire, na wazee wawili wa ukoo. Basi ni siku nzima, walisema. Barabara ina mashimo, mtoto amechomwa ubavu. Ndege ni saa moja na kidogo. Nilisikia kila neno nikiwa uani.

Kwetu binti hasimami mbele ya baba zake akapinga walichoamua. Si kwamba anakatazwa kuwa na neno. Akiwa nalo, anamtuma shangazi, na shangazi akiingia nalo linasikilizwa. Ndivyo ilivyokuwa hata mimi nilipokataa kuolewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Shangazi aliingia, akasema, ikaisha. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi sana. Nilimfuata jikoni alikokuwa anamenya mihogo.

Nitaandika nilichomwambia kama nilivyokisema, kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi. Nilisema, "Shangazi, daktari hapendi nipande ndege. Anasema kuna hewa imebaki." Shangazi akaacha kumenya. Akanitazama. Sebuleni Bwire alikuwa anacheka, sauti yake ikifanana na ya baba. Nikaona haya, nikaongeza, "Halafu naogopa."

Shangazi alijifuta mikono akaingia. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Mtoto anashukuru sana," alisema. "Anawashukuru wote. Ila anaogopa ndege."

Walicheka, cheko la upendo. Baba mkubwa alisema niambiwe kwamba juu hakuna mawimbi kama ya meli ya Nansio. Mzee mmoja akasema hata yeye anaogopa, ila angepewa tiketi angepanda akiwa amefumba macho. Bwire akasema, "Nitamshika mkono mpaka Dar. Akilia nitamnunulia pipi."

Shangazi alipotoka nilimuuliza, na daktari je? Akaichukua tena mihogo yake. Alisema angemtajaje daktari, wakati Bwire amehangaika siku zote hizo. Angeona tunamtupia msaada wake usoni. Akasema pia kwamba daktari alisema hapendi, hakusema hapana. Ni kweli, mimi ndiye niliyesema "hapendi". Nikachukua muhogo nikamenya na mimi. Tangu jioni ile kila aliyeingia pale nyumbani alinitania kuhusu ndege. Jirani mmoja aliniambia nipake mafuta ya mdomo yenye rangi na nisikohoe mbele ya wafanyakazi wa uwanjani, maana wakijua mtu ametoka hospitali wanamrudisha. Alinipa na mafuta yenyewe.

Uwanjani viti vilikuwa baridi. Kwenye dirisha niliona miamba na kipande cha ziwa. Dada mmoja kwenye meza alinitazama mdomo, akauliza kama ninajisikia vizuri. Kabla sijafungua kinywa Bwire alijibu kwamba ni mzima, anaogopa tu, ndiyo mara yake ya kwanza. Dada akatabasamu. Nikatabasamu na mimi, kwa mafuta ya jirani.

Nilikuwa na chupa ndogo ya maji ya kunywa. Niliyanywa karibu yote tukiwa bado chini, nikafunga kizibo kwa nguvu nisije nikalowesha gauni. Ndege ikapaa. Masikio yakaziba. Bwire alinishika mkono kama alivyoahidi, akanionyesha visiwa chini, akaniambia nitafute Ukerewe. Nilitazama, nikakiona kisiwa chetu kidogo kama jani majini. Kwa muda mfupi nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi.

Kisha kifua kikaanza kubana upande wa kushoto. Nilivuta pumzi, ikafika nusu. Nikavuta tena, ikafika chini ya nusu. Nilimbana Bwire mkono. Akanipigapiga begani akisema nitulie, ni woga, utapita. Akamwita mhudumu wa ndege, dada mwenye kitambaa shingoni, akamwambia mdogo wake anaogopa. Dada aliinama, akanifundisha kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Alikuwa na huruma sana. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili wenye huruma, na wote walikuwa wanatibu woga.

Hapo ndipo nilipoiona chupa. Ilikuwa mapajani mwangu. Niliifunga ikiwa laini, unaibonyeza inaingia. Sasa ilikuwa imevimba, ngumu kama mpira wa miguu uliojazwa upepo, na hakuna aliyeigusa. Niliibonyeza kwa dole gumba ikakataa. Nikamsikia yule daktari kama amekaa kwenye stuli yake: ukiwa juu, hewa inavimba.

Sijawahi kumkatisha mtu mkubwa neno maishani mwangu. Nilimwinulia yule dada chupa mpaka usoni. Sauti haikuwepo, nikawa nasema neno, navuta pumzi, nasema lingine.

"Si woga," nilisema. "Nimetoka hospitali. Pafu lilitoboka. Kuna hewa kifuani. Imekuwa hivi."

Nikaushika upande wa gauni nikafungua vishikizo mbele ya watu, nikamwonyesha mshono.

Uso wake ulibadilika. Bwire aliniachia mkono. Dada aliondoka haraka, akarudi na mtungi wa oksijeni na kifuniko cha pua na mdomo. Nilisikia wakitangaza kuuliza kama kuna daktari kati ya abiria, hakuwepo. Wakaniambia rubani ameambiwa na ndege itashuka chini kidogo tuendelee hadi Dar, kwa sababu Dar ilishakuwa karibu kuliko kurudi Mwanza. Sijui ilichukua muda gani. Nilihesabu pumzi. Kila moja niliipata kama kitu nilichokiomba kwa mtu asiyetaka kutoa. Abiria wa upande wa pili alikuwa mama wa makamo. Alivua mtandio wake, akaniwekea pale kwenye vishikizo vilivyo wazi, akaugeuza uso wake dirishani. Mtandio ule ninao mpaka leo.

Tulipotua watu wote waliambiwa wabaki wamekaa, nikapitishwa katikati yao nimebebwa. Nilipita nimefumba macho kwa aibu. Hata pale, nikiwa nakaribia kufa, niliona aibu. Kwenye gari la wagonjwa mtu mmoja alinichoma sindano chini ya mfupa wa bega kwa mbele, nikasikia hewa inatoka kwa sauti, kama tairi. Kisha mpira mwingine, chupa nyingine.

Bwire alisimama koridoni na ile bahasha kubwa. Alikuwa hajawahi kuifungua, akijua ni ya madaktari. Wakamwomba. Akaisoma kwanza yeye mwenyewe, na aliniambia baadaye kwamba katazo la ndege lilikuwa kwenye mstari wa mwisho, limepigiwa mstari chini mara mbili. Alikaa sakafuni pale pale. Mimi sikumwona, nilielezwa na mfagiaji aliyempa maji.

Safari hii mapovu hayakukoma. Siku ya ishirini yalikuwa yanatoka hata nikiongea. Masika yakaanza, mvua ya Dar ikapiga bati la wodi mchana kutwa, nikapelekwa kupasuliwa. Walikata sehemu ya pafu la kushoto. Nilipoamka maumivu yalikuwa makubwa hata nikaomba, kwa ishara, waniache. Bega la kushoto limeshuka tangu wakati ule. Nywele zilitoka na kitana zikabaki chache. Silali ubavu wa kushoto. Sauti yangu, ambayo haikuwa kubwa, imekuwa ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili.

Bwire alikuja kila siku baada ya kazi. Siku moja alinimenyea chungwa, akaniuliza bila kunitazama, "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi ni ndugu yako." Nilimwambia nilimtuma shangazi. Jibu hilo lilifika Mwanza siku ile ile kwa simu. Baba mkubwa aliuliza, na wazee wakauliza, na wote wakakumbuka vizuri alichosema shangazi pale sebuleni. Hakuna aliyekumbuka kwamba yeye mwenyewe alicheka. Shangazi alikuwa ananipigia kila Jumapili. Baada ya hapo simu zikaisha.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa na kifua kibovu, nawaomba jambo moja. Daktari anapokuambia usipande ndege, au usubiri, mzuie asiondoke mpaka aliye nawe asikie kwa masikio yake. Ukiulizwa uwanjani kama unaumwa, sema unaumwa. Wakikurudisha utalia siku moja. Na neno la daktari usiliongezee neno lako la haya. Watu watachukua lililo jepesi, si kwa ubaya, ni kwa sababu linabebeka.

Nilirudi kwa gari. Tulilala Dodoma, tukalala Shinyanga, Bwire akilisimamisha gari kila nilipochoka. Baba mkubwa alinipokea Kirumba, akaubeba mfuko wangu mwenyewe mpaka melini. Hakuniomba msamaha wala sikutarajia. Aliniambia tu, "Kaa upande wa upepo, mama."

Nimeishi Nansio kiangazi chote kwa binamu, si kwa shangazi, kwa sababu nyumba yake inanuka moshi. Kupanda kutoka ufukweni hadi nyumbani nasimama mara tatu. Ndoo siinui. Nauza machungwa nimekaa. Kila siku niliuona moshi wa banda letu, na kila siku nikasema nitakwenda kesho.

Wiki iliyopita nilikwenda. Nilisimama mbali, mahali upepo wa ziwa unausukuma moshi nchi kavu, nikaita. Shangazi alitoka macho mekundu. Aliponiona alisimama. Kisha alivua kitenge chake cha kazi akakitundika kwenye msumari, akashuka majini, akanawa mikono, uso na shingo, akasugua kwa mchanga. Ndipo akanikaribia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimenenepa. Ungeniona Dar."

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikohoa, akageuka pembeni kukohoa, akarudi. Akasema watu wanasema alitaka kuniua. Nikamwambia sijafa. Akasema, "Umebaki nusu," nikacheka, na kucheka kukanikaba, akangoja hadi nikamaliza.

Nilimwambia kwamba nilimtuma vibaya. Niliweka maneno mawili mfukoni mwake, nikamwachia achague. Akatingisha kichwa. Alisema yeye ni mtu mzima, alijua lipi ni zito na lipi ni jepesi, akaliacha zito jikoni na mihogo.

Halafu akaniambia, "Niambie tena. Yote, kama daktari alivyoyasema. Usiweke lako."

Nikamwambia. Nilisimama katikati mara mbili kuvuta pumzi. Pafu limejaa tena lakini juu kumebaki hewa kidogo. Ndege asipande. Akiwa juu hewa inavimba, na iliyobaki kifuani itavimba pia, itakaba pafu. Arudi baada ya wiki tatu. Daktari ndiye atakayesema ndege sawa au hapana. Akilazimika kusafiri kabla ya hapo, aende kwa gari, apumzike njiani. Shangazi aliyarudia. Aliporuka wiki tatu nilimsahihisha, akaanza upya. Aliyarudia mpaka yakatoka bila kukosa, sauti yake ikiwa kavu kwa moshi wa miaka mingi.

Jumatatu alivaa gauni lake la kanisani. Alinipitia, nikamsindikiza. Njiani nilisimama mara tatu naye akasimama mara tatu, akiendelea kunong'ona. Nilipofika gatini nilikuwa sina pumzi ya kumuaga, nikainua mkono tu. Akapanda meli ya kwenda Mwanza, kwa baba mkubwa, kuyapeleka maneno niliyomtuma.